Zumari ya kiriba juu ya biti

Mbukwenyi wasomaji wa Safu ya Masikio.

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu Waskoti wanaochukua nyimbo za wazee wao, za fidla, za zumari ya kiriba na za wanawake wa visiwani, wakazipandisha juu ya biti za kompyuta na watu wakacheza hadi asubuhi. Nilidhani ni aya ya kupita. Zimenijia barua kutoka Chang'ombe, Mpwapwa, Manyoni, Kondoa, na moja kutoka hosteli ya chuo hapa hapa mjini. Kwa hiyo wale mlioniuliza kuhusu spika za kanisa na maiki zinazopiga mluzi, nawaomba mnivumilie hadi mwezi ujao. Leo nataka kukaa na jambo hili moja, kwa sababu limekaa na mimi miaka mingi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni prodyuza mdogo, nina chumba cha kurekodia hapa Chang'ombe, Dodoma. Mwaka jana alikaa kwetu fundi wa visima kutoka Uskoti, na kila jioni alikuwa akipiga ile ala ya mfuko nyuma ya nyumba. Nikamwomba nimrekodi, akakubali na kufurahi. Sasa nataka kuiweka kwenye biti ya hausi, lakini kila nikigusa kinanda sauti zinagombana. Nimetumia programu ya kunyoosha sauti, ikawa kama mbuzi analia ndani ya debe. Nimeambatanisha dakika tatu uzisikilize. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimezisikiliza mara nne, mbili za kwanza bila kugusa kitu. Mgeni wako anapiga vizuri na maiki uliiweka mahali pake. Anayetakiwa kusogea ni kinanda.

Kwanza uijue ala yenyewe. Chukua zumari, ile ya pwani inayopulizwa kwa ulimi wa tete, uifunge kwenye kiriba cha ngozi. Halafu kwenye kiriba hicho hicho chomeka mirija mingine mitatu. Mpigaji anajaza kiriba kwa pumzi na kukibana kwa mkono, kwa hiyo yeye anaweza kuvuta hewa lakini ala yake haivuti. Ina noti tisa basi. Haina kimya, haina kupandisha sauti wala kuishusha. Noti mbili zinazofanana zikifuatana, hakuna namna ya kuzitenganisha kwa ulimi wala kwa pumzi, ndiyo maana unasikia vile vinoti vidogo vidogo vinavyokatiza kama cheche. Hivyo ndivyo vinavyoutenganisha mdundo. Programu yako ya kunyoosha sauti ilidhani ni makosa, ikavisaga. Mbuzi wako wa kwenye debe ametokea hapo.

Ile mirija mitatu inalia noti moja tu, tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Miwili iko oktava moja chini ya noti ya nyumbani ya zumari, yaani noti ile ile ila nzito zaidi, na mmoja mrefu uko oktava mbili chini. Mimi huuita mvumo. Kila noti ya zumari inapimwa kwa mvumo huo, kwa sikio la mpigaji, na hapa ndipo ugomvi wako ulipo.

Noti ya nyumbani wao huiandika A. A ya kinanda chako ni mitetemo 440 kwa sekunde. A ya zumari ya kiriba ya siku hizi iko mahali fulani kati ya 470 na 480, na huwa inapanda joto likizidi. Na wewe umerekodi Dodoma mwezi wa kumi. Kinanda kina B-flati ya 466, halafu kinaruka mpaka B ya 494. Mgeni wako amesimama katikati ya funguo mbili. Ungemkuta kwa funguo ipi?

Nimepima mvumo wake mrefu kwa programu ya kutyuni gitaa iliyo kwenye simu, nikapata 119. Zidisha kwa nne, ni 476. Kwa hiyo ingia kwenye sehemu ya kutyuni ya kinanda chako, kipandishe chote kwa sehemu 36 kati ya 100 za nusu-toni, ile hatua ya kutoka funguo moja mpaka ya jirani yake, kisha piga B-flati. Sikiliza kinavyotulia. Kiki ya dramu nayo itafutie noti yake: nusu ya 119 ni karibu 60, na hapo kiki nyingi za hausi zinapenda kukaa. Kiki yako na mvumo wa mgeni vitakuwa noti moja, oktava mbali.

Utaona bado kuna kitu kinakwaruza. Hiyo ni noti ya tatu. Tatu ya zumari iko chini kidogo ya tatu ya kinanda, kama sehemu 14 hivi, kwa sababu mpigaji ameishusha mpaka imelala vizuri juu ya mvumo. Ya saba inaweza kushuka hata sehemu 31. Usizirekebishe, nakuomba. Ziache zumari iziseme yenyewe, na kwenye kinanda shika noti ya kwanza na ya tano peke yake.

Halafu nenda ukae na mzee wa kwenu mwenye zeze. Gusa waya wa zeze taratibu kwa kidole bila kuubana, usogeze kidole polepole, utasikia zile sauti nyembamba za ndani zikitoka moja baada ya nyingine. Waliochunguza uimbaji wa Kigogo wamekuta ngazi yetu ya noti imejengwa kwa sauti hizo hizo, kuanzia ya nne mpaka ya tisa. Ya tano yake ndiyo ile tatu iliyoshuka sehemu 14. Ya saba yake ndiyo ile saba iliyoshuka sehemu 31. Nilipolijua hili nilinyamaza kwa muda mrefu. Mtu wa Mvumi hapa kwetu na mtu wa Inverness kule Uskoti wameokota noti ile ile, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Kwa hiyo ukisema zumari "imeshuka", linalosema hivyo ni sikio la kinanda. Sikio la nyumbani kwenu halina shida nayo.

Kitu cha pili. Ulichorekodi ni jigi, na biti uliyoweka ni ya rili, aina mbili tofauti za muziki wa kucheza wa Kiskoti. Rili inatembea kwa nne: kiki moja, noti nne, kiki, noti nne, na kwenye mapigo 112 kwa dakika inakaa kwenye hausi kama mguu kwenye kiatu chake. Jigi inatembea kwa tatu: kiki moja, noti tatu. Hai-hati yako, vile visahani vya dramu, inakata nne wakati mgeni anakata tatu, kwa hiyo wanapishana kama watu wawili mlangoni. Badilisha hai-hati ikate tatu. Au iondoe kabisa, uweke kayamba au manyanga kutoka ngoma yoyote ya kwetu inayotembea kwa tatu, na ziko nyingi.

Mwisho, zumari haishuki sauti, kwa hiyo usingoje ikupe nafasi ya kupumzisha wachezaji. Wewe ndiye utakayeifunga kwa filta, sauti za juu zikafifia ukabaki mvumo peke yake, halafu uifungue polepole. Na sekunde ya 52 kuna pikipiki inapita barabarani. Iache.

SWALI: Mama, mimi ni dijei wa sherehe hapa Mpwapwa. Nimejaribu fidla za Kiskoti kwenye singeli na watu wakaruka. Lakini nilipoweka nyimbo za wanawake wa Uskoti wanaopiga kitambaa mezani, uwanja ulipoa. Singeli na Uskoti vinaelewana au nilibahatisha?

JIBU: Hukubahatisha. Nimetoka kumwambia mwenzako wa Chang'ombe kwamba rili inakaa kwenye mapigo 112. Zidisha mara mbili, ni 224, na singeli, ule muziki wa kasi wa Manzese na Tandale kule Dar es Salaam, inakimbia kuanzia 200 kwenda juu. Mpiga fidla hajabadilisha chochote, wewe umeweka kiki mbili pale hausi inapoweka moja. Miguu ya vijana ikafuata kiki, mabega yakafuata fidla. Ningependa kuuona uwanja huo.

Nyimbo za kitambaa zina habari nyingine. Kwenye visiwa vya magharibi ya Uskoti, wanawake walikuwa wakikaa pande mbili za meza ndefu na kitambaa kibichi cha sufu kilichotoka kufumwa, kimelowekwa kwenye mkojo uliokaa siku nyingi, wakakipiga mezani na kukisukumiana kwa kuzunguka, ili kikaze na kujaa na kizuie upepo wa bahari. Mmoja anaongoza mstari wa hadithi, wote wanaitikia, na kiitikio mara nyingi ni silabi tupu zisizo na maana yoyote ila kubeba mdundo. Mama zetu kwenye kinu walifanya nini? Mmoja anatunga, wengine wanaitikia, mchi unashuka. Mimi nimekulia kwenye sauti hiyo, nilipoisikia ile ya visiwani kwa mara ya kwanza nilitafuta kinu kiko wapi.

Sasa, kosa ulilofanya nalijua bila kusikia: umekata ule mshindo wa meza ukabakisha sauti za wanawake, kisha ukaweka kiki yako. Wanaharakisha kidogo na kuchelewa kidogo, kwa sababu kitambaa kilicholowa ni kizito na mikono inachoka. Ukiondoa meza, uchelewaji huo unasikika kama makosa. Rudisha meza. Mshindo wake uwe ndiyo kiki kwa mizunguko minane ya mwanzo, watu wazoee mwendo wa mikono yenyewe, ndipo uingize besi chini yake. Wala usiupeleke kwenye 224. Nyimbo hizi zinataka 100 hivi, hata chini yake.

Na usidhani hazina watu. Kundi la Capercaillie la Uskoti lilichukua wimbo mmoja wa kitambaa wa Kigaeli, lugha ya asili ya visiwa hivyo, wenye umri wa karne kadhaa, na mwaka 1992 ukaingia kwenye nyimbo 40 bora za Uingereza. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Kigaeli cha Uskoti kufika hapo. Baadaye wakaja vijana wa kisiwa cha Skye, Niteworks, albamu yao ya kwanza ilitoka 2015. Hao waliwaita waimbaji wa Kigaeli wenyewe waje kuimba juu ya sinthesaiza. Wasikilize wanavyosubiri. Sauti inaachwa peke yake kwa muda ambao dijei wa Mpwapwa angeona aibu kuuacha. Jaribu kutoona aibu.

SWALI: Habari za kazi mama. Nipo Manyoni. Kompyuta yangu ni ya zamani na umeme ni wa kukatika. Ninahitaji programu gani na mashine gani ili nifanye muziki wa aina hii?

JIBU: Nzuri, mwanangu. Uliyonayo inatosha. Programu yoyote inayoweza kukata sauti, kuirudia na kuivuta bila kubadilisha noti itafanya kazi, iwe FL Studio kama vijana wengi au Audacity isiyo na malipo. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika tano. Pesa ya mashine mpya nunulia maiki nzuri na nauli ya kwenda kijijini.

SWALI: Bi. Mhariri, nimefundisha shule za msingi Kondoa kwa miaka 31 na nimestaafu. Nimesoma aya yako kwa masikitiko. Wazee wameimba nyimbo hizo kwa maisha yao, halafu anakuja kijana anawakatakata na kuwawekea ngurumo za disko. Hivi huku si kuwaua mara ya pili? Na kama Waskoti wanafanya ya kwao, sisi tunaiga ya nini?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Barua yako niliisoma jioni nikashindwa kuijibu mpaka siku ya tatu. Inaweza kuwaua. Sitakudanganya kwamba haiwezi, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo.

Mwaka 1999 nilirekodi kwa kaseti kikundi cha muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kijijini kwetu Mvumi. Wanawake kumi na moja, ngoma katikati ya mapaja, na shangazi yangu akiongoza. Mwaka 2008, nilipopata kompyuta ya kwanza, niliihamisha kaseti ile na kuiwekea biti. Nilikuwa najivunia sana. Programu ilikuwa na uwezo wa kuchukua kila neno na kulibana kwenye mstari wake, nami nikalibana kila neno. Pale shangazi alipovuta pumzi nikaona ni pengo, nikaliziba kwa kurudia silabi iliyotangulia. Nikasafiri nayo Mvumi, nikamvalisha visikio vya masikioni chini ya mbuyu wa nyumbani. Alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akavua, akaniuliza, "Huyu hapumui. Ni nani huyu?"

Sikuitoa kazi ile na sitaitoa. Shangazi alifariki 2011.

Mwaka mmoja baada ya siku hiyo ya mbuyu, mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao aliniachia boksi la sidii. Ndani yake ilikuwemo Grit, albamu ya mwanamuziki wa Uskoti Martyn Bennett, ya mwaka 2003. Wimbo wa kwanza ulianza na sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, isiyopambwa, akiimba kuhusu watu wanaofukuzwa kila wanapopiga hema. Baadaye nilijua ni Sheila Stewart. Biti ilipoingia ilikuwa nzito, ya kutikisa madirisha. Lakini nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu: anapumua. Kila mwisho wa mstari mama yule anapumua, na ngurumo yote ile inamngoja.

Naomba nikueleze sauti zile zilitoka wapi, mwalimu, maana ndiyo jibu langu. Uskoti wana jamii ya Wasafiri, watu wa mahema, mafundi wa mabati, waliodharauliwa na kufukuzwa kwa vizazi. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha kituo cha kukusanya na kuchunguza utamaduni wa Kiskoti, na mmoja wa wakusanyaji wake, Hamish Henderson, akaenda kwenye mashamba ya matunda ya Blairgowrie, ambako Wasafiri walikusanyika msimu wa kuchuma. Fikiria Hombolo wakati wa kuvuna zabibu, jioni watu wamewasha moto. Alikuta nyimbo ambazo wasomi walidhani zimekufa, watu wanaimbiana kama mazungumzo. Alisema kurekodi pale kulikuwa kama kukinga kopo chini ya maporomoko ya Niagara. Belle Stewart, mama wa Sheila, pamoja na Jeannie Robertson wa Aberdeen na binti yake Jeannie, Lizzie Higgins, wote walirekodiwa miaka ile na wakatunzwa kwenye kanda.

Bennett hakuwa mpita njia aliyeokota kanda hizo. Mama yake, Margaret Bennett, ni mwimbaji na mtafiti wa mapokeo. Nyimbo zilikuwa mezani nyumbani kama chumvi. Alipiga zumari ya kiriba tangu utotoni, akasomea fidla ya kizungu Glasgow, akaingia kwenye kumbi za disko miaka ya 90 na kutoa albamu yake ya kwanza katikati ya miaka hiyo. Mwaka 2000 akagunduliwa na saratani. Ugonjwa ulimfikisha mahali ambapo hawezi kupiga, na kwa uchungu akavunja ala zake. Hapo ndipo alipogeukia sauti za wazee. Yeye hakuwa na pumzi ya kujaza kiriba, akazitumia pumzi zao. Alifariki Januari 2005, ana miaka 33. Miaka kumi baadaye, Januari 2015, orkesta kubwa iliipiga Grit yote jukwaani Glasgow kwa ala za kweli. Yaani kanda ilikwenda kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta ikarudi kwenye mikono ya watu.

Umeuliza tunaiga ya nini. Nilipoligeuza boksi la ile sidii nikaona jina la kampuni: Real World. Nikasimama, nikaenda kabatini. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya Grit, kampuni hiyo hiyo ilitoa albamu ya Assembly, ya mzee wetu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa Doduma, pamoja na prodyuza Michael Brook. Zeze, ilimba ile marimba ya mkononi, sauti ile inayotoka chini ya ardhi na kupaa mpaka mawinguni, na chini yake magitaa na mashine. Mzee Hukwe alifariki Desemba 2003, mwaka ule ule Grit ilipotoka. Mwanawe Msafiri mwaka 2017 akatoa Uhamiaji, na humo sinthesaiza zinazungumza na ilimba bila kuipigia kelele. Kwa hiyo hatuigi, mwalimu. Tulikuwa kwenye meza moja, ila sisi tuliondoka mapema na hatukuwaambia watoto wetu kwamba tulikuwepo.

Kinachonitia hofu kuliko disko ni kanda zilizo kwenye makabati yetu ya bati, zinazoliwa na vumbi na joto la Dodoma. Kama na wewe unazo za shule, za wanafunzi wako wa miaka ya themanini, niandikie. Nitakuja Kondoa mwenyewe.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Nimepakua wimbo wa kitambaa kutoka Tobar an Dualchais, ile hifadhi ya sauti za Uskoti mtandaoni, na bibi yangu wa Bahi anajua nyimbo za kutwanga. Nataka kuwaunganisha kwenye biti moja niipandishe mtandaoni. Nisikie wewe unasemaje, maana wenzangu wananiambia nyimbo za asili hazina mwenyewe.

JIBU: Marahaba binti. Wazo lako nimelipenda mpaka nimelisoma kwa sauti, lakini wenzako wamekupotosha.

Wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti yake vilivyopokezwa karne hadi karne, mara nyingi hauna mtu wa kumdai. Kurekodiwa kwake kuna wenyewe: aliyeimba na familia yake, aliyerekodi, na hifadhi inayotunza. Kusikiliza pale ni bure. Kukata sauti ile na kuiweka kwenye kazi yako ni jambo la kuandikia barua na kusubiri jibu. Waandikie, taja jina la mama aliyeimba, eleza unachotaka kufanya. Wakikukatalia, jifunze kiitikio chake wewe na wenzako watano wa hosteli, mkipige juu ya meza ya bwalo na blanketi lililolowa maji. Nasema kweli, lijaribuni. Maji ya bomba yanatosha.

Kwa upande wa huku, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo kabla ya kuuza chochote pita BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize. Usione ni usumbufu. Kuna tangazo la biashara lililowahi kutumia ngoma ya kijijini kwetu. Wale akina mama walilisikia redioni kama wewe na mimi, na hawakuwahi kuambiwa wala kupewa hata sukari.

Na bibi yako naye ni msanii, mwandike hivyo. Jina lake kamili, kijiji chake, mwaka, na nani alimfundisha wimbo huo. Mrekodi akiwa anatwanga kweli, mtama uwemo kinuni, kwa sababu kinu kitupu kinalia tofauti na mikono inajua. Usimwambie asimame mbali na mchi. Makubaliano ya pesa yafanyeni kabla, mbele ya mama yako.

Ukimaliza, mpelekee Bahi kabla hujaipandisha popote. Chukua spika ndogo, usimvalishe visikio. Kaa upande ambao unauona uso wake, na ufike pale anapovuta pumzi.